Kusoma, kusimulia au kuigiza: njia ipi itaifikisha safari yako ya tanga redioni?

Mtu anayeandika safari yake ya baharini humwandikia msomaji aliyetulia, mwenye ukurasa mbele ya macho. Msikilizaji wa redio yuko kwingine kabisa. Anachambua mchele, anahudumia wateja dukani, au yumo kwenye daladala na sikio moja liko kwa kondakta. Jina la baharia likimpita, limempita. Hana ukurasa wa kurudi nyuma. Ndiyo maana hadithi nzuri ya daftarini inaweza kusomwa redioni neno kwa neno na isimfikie mtu.

Njia ziko tatu: isomwe, isimuliwe upya, au iigizwe. Nazilinganisha kwa ajili ya mwenye daftari la safari yake mwenyewe, na kwa mtayarishaji wa kituo kidogo aliyewekewa daftari hilo mezani. Msimamo wangu nautoa mapema. Mwandishi akiwa hai na ana ulimi, asimulie. Akiwa hayupo, isomwe. Mchezo wa redio nauweka mwisho, isipokuwa safari yenyewe ilikuwa ya watu wengi na kati yao kulikuwa na jambo zaidi ya upepo.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia kitabu kimoja kama kipimo. Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada, alitoka Boston Aprili 1895 akiwa peke yake ndani ya Spray, chombo cha tanga chenye urefu wa mita 11 hivi alichokiunda upya kwa mikono yake. Alitia nanga Newport, Marekani, Juni 1898, akiwa mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia kwa tanga bila mwenzake chomboni. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900. Nimekichagua kwa kuwa kinazipima njia zote tatu bila huruma: mtu mmoja, bahari nyingi, na mwandishi mwenye jicho kali. Pembeni yake nitaweka daftari la aina tunayoijua huku Pwani, la baharia wa jahazi aliyesafiri kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa upepo wa kusi.

Kusoma

Faida kubwa ya kusoma ni kwamba sentensi inabaki ya mwandishi. Angalia Slocum na saa yake. Chombo kinachozunguka dunia kilihitaji saa ya kuaminika ya kupimia longitudo, lakini yake ya zamani ilikuwa na gharama kubwa ya kutengeneza, akaiacha. Huko Yarmouth, Nova Scotia, akanunua saa ya bati. Bei ilikuwa dola moja na nusu. Kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika, muuzaji akamwachia kwa dola moja. Baadaye ikapoteza mkono wa dakika, naye akaichemsha ndani ya maji, ikaendelea kumhesabia saa. Hayo anayaandika kwa utulivu kabisa, na utulivu huo ndio utamu wenyewe. Msomaji mzuri studioni, mwenye sauti isiyojisukuma mbele, atayafikisha yalivyo. Mwigizaji je? Atalazimika kumweleza mtu bei ya saa, na chomboni hakuna mtu. Mpweke utamfanya aropoke ili msikilizaji apate habari.

Kwa hiyo maandishi yanayobebwa na fikra za mwandishi, na namna yake ya kutazama vitu, yasomwe. Lakini kusoma si kufungua ukurasa wa kwanza na kuanza. Kuna kazi ya kisu. Kwa kipindi cha dakika 15 sipangi zaidi ya maneno 1,600 ya Kiswahili, kwa sababu maneno yetu ni marefu na msomaji wa hadithi anahitaji nafasi ya kupumua kuliko msomaji wa taarifa ya habari. Pima kasi yako mwenyewe: soma ukurasa mmoja kwa sauti, saa ikiwa mkononi, kisha gawanya.

Cha kwanza kukatwa ni hesabu. Daftari la baharia limejaa tarehe, maili na majina ya bandari, na mwandishi anazipenda kwa kuwa alizilipia kwa jasho. Sikioni zinapita kama matangazo ya bei za nafaka. Acha tarehe moja ya kung'oa nanga na moja ya kufika. Kati ya hizo, msikilizaji anataka kujua ni usiku au mchana, maji yamejaa au yametoka, chakula kimebaki kiasi gani. Cha pili ni sentensi zenye "ambayo" ndani ya "ambayo". Jicho linazivumilia, sikio linazama nazo. Zivunje. Cha tatu ni majina: serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, akitajwa mwanzoni na kurudi baada ya dakika nane, mwite tena kwa jina na kazi yake, hata kama maandishi yanasema "yeye" tu.

Kwa kitabu cha kigeni kama cha Slocum kuna mzigo mwingine: kabla hakijasomwa lazima kitafsiriwe, na kinapaswa kutafsiriwa kwa ajili ya mdomo tangu sentensi ya kwanza. Tafsiri iliyofanywa kwa ajili ya kitabu itakulazimu kuifanya kazi hiyohiyo mara ya pili.

Kusimulia upya

Hapa mwandishi anafunga daftari. Analisoma jioni ya siku iliyotangulia ili mambo yarudi kichwani, halafu studioni, au bora zaidi nyumbani kwake au pwani penyewe, anakaa na mtu mmoja wa kumuuliza. Daftari linabaki kwa mtayarishaji.

Tofauti inasikika mara moja. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo daftarini haina kosa lolote (henza ni kamba ya kupandishia na kuteremshia tanga, kapi ni gurudumu inamopita, na foromali ni mti unaobeba tanga): "Ilipofika majira ya saa 8 usiku upepo wa kaskazi uliongezeka kwa kiasi ambacho nahodha aliamuru tanga literemshwe, lakini ilishindikana kutokana na henza kubana kwenye kapi." Mtu huyohuyo, daftari likiwa limefungwa, atasema hivi: "Saa nane usiku. Kaskazi imechacha. Nahodha anapiga ukelele, teremsha! Tunalegeza henza, foromali haishuki. Tunatazama juu, giza. Kamba imebana kwenye kapi, kileleni kabisa mwa mlingoti. Na mdogo kuliko wote ni mimi."

Hakuna mhariri atakayeipata hiyo sentensi ya mwisho kwa kukata na kubandika. Inatoka kwa mtu aliyepanda ule mlingoti. Tena Kiswahili cha kusimulia kina zana ambazo maandishi yetu ya shule yalizifukuza: kitendo cha jana kinasemwa kana kwamba kinatokea sasa, na tanakali za sauti zinafanya kazi ambayo ingehitaji fundi mitambo. Mtu anayesema ndoo ilianguka majini chubwi, halafu akanyamaza, ameshakupa sauti ya ndoo, kina cha maji na woga wa aliyeiangusha.

Maswali ndiyo roho ya njia hii, na hapa watayarishaji wengi hulegea. "Ulijisikiaje?" humpeleka mtu kwenye majibu ya jumla: niliogopa, nilimwomba Mungu. Muulize vitu vya mkononi. Mkono wako wa kushoto ulishika nini? Nani alikuwa kwenye kana ya shikio, yaani mkono wa usukani? Maji ndani ya ngama, chini kabisa mwa chombo, yalikuwa yamefika wapi ulipoanza kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje? Ulikuwa umevaa nini? Mtu akijibu maswali hayo, woga wake utasikika bila yeye kuutaja. Na mzee akisema "basi tukapita salama", usimkimbize kwenda mbele. Ngoja. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja baada ya hapo.

Njia hii ina gharama zake. Msimulizi hutangatanga, saa mbili za kurekodi zinaweza kukupa dakika 20 safi, na kazi ya kuhariri ni kubwa kuliko ya kusoma. Anaweza kuruka jambo aliloliandika vizuri kuliko yote, kwa kuwa amelizoea. Na hadithi inayosimuliwa mara nyingi huota mbawa: mawimbi ya daftarini yalikuwa ya kimo cha mtu, ya barazani yamefika kileleni mwa mlingoti. Hapo ndipo daftari lililobaki kwa mtayarishaji linapofanya kazi. Ukiona tofauti, muulize kwa adabu, "Mzee wangu, humu umeandika mlikuwa saba, leo umesema kumi na wawili, nimuwekee msikilizaji lipi?" Mabaharia ninaowajua hawachukii kuulizwa hivyo. Wanachukia kudhaniwa.

Kuna pia suala la lahaja. Mtu wa Lamu atasimulia kwa Kiamu, wa Pemba kwa Kipemba, na kituo cha taifa kitanung'unika kwamba msikilizaji wa Dodoma au Bukavu hataelewa. Naitetea lahaja kwa nguvu zote. Maneno machache yasiyofahamika yanavumilika kama tendo liko wazi. Anaposema "nikalegeza demani, tanga likatema upepo, chombo kikatulia", hata aliyekulia mbali na maji anaona kwamba demani ni kamba inayolishika tanga. Kinachomchosha msikilizaji ni mtangazaji anayekatiza kila dakika kutoa maana.

Kuigiza

Mchezo wa redio una nguvu, na si haki kuudharau. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mwaka 1993 kurusha Twende na Wakati, na nchi nzima ikamjua Mkwaju, dereva wa lori, kana kwamba anaishi mtaani kwao. Lakini ule ulikuwa mchezo wa watu wanaorudi kila wiki, wenye ndoa, madeni na majirani. Safari ya tanga ni siku nyingi za kungoja na dakika chache za hatari. Mchezo hauwezi kuigiza kungoja, kwa hiyo waandishi huzidisha tufani. Tufani tatu katika nusu saa, na msikilizaji ameacha kuogopa.

Halafu kuna sauti ya bahari yenyewe. Watu hudhani hii ndiyo zawadi ya redio, na kwa kweli ndiyo mtego wake. Rekodi ya mawimbi ya mbali, ikipigwa kwenye spika ndogo ya simu, haina tofauti na mkwaruzo wa masafa yasiyoshika. Upepo ukipiga maikrofoni isiyo na kinga ya manyoya hutoa mngurumo unaofunika kila kitu. Bahari ya redioni hujengwa kwa vitu vilivyo karibu: maji yanayogonga ubavu wa chombo, kapi linalolia kamba inapopita, foromali ikisugua mlingoti, kata likikwangua mbao wakati wa kufua maji. Rekodi hizo kwenye mashua iliyofungwa gatini siku tulivu, maikrofoni karibu kabisa. Ukizipata nne au tano, zitakufaa katika njia zote tatu.

Twende kwa Slocum tena, maana hapa ndipo anapotufundisha. Baada ya kuondoka Yarmouth aliingia kwenye ukungu mzito, na upweke ukamshika. Alikuwa ameambiwa kwamba mtu akikaa muda mrefu bila kusema, sauti hufa. Kwa hiyo akaanza kutoa amri kwa sauti, kama yumo kwenye meli yenye mabaharia. Akiwa chumbani anamuuliza mtu wa usukani chombo kinaelekea wapi. Hajibiwi. Sauti yake ikamsikikia tupu, akaliacha zoezi hilo, akaanza kuimba.

Ukilisoma tukio hilo ni zuri. Ukiliigiza, kwa swali moja tu na kisha maji yakigonga ubavu kwa muda ambao mtu angetarajia jibu, linakuwa jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifanya. Usiweke kimya kitupu. Msikilizaji atadhani kituo kimekatika, na vituo vingi vina mitambo inayopiga kengele kimya kikizidi. Weka maji. Tukio jingine linaloomba kuigizwa ni la usiku mmoja baada ya Visiwa vya Azores, alipokula plamu pamoja na jibini nyeupe, tumbo likamkata hadi akalala sakafuni akiweweseka. Alipotazama nje akamwona mtu mrefu ameshika usukani, kofia nyekundu kichwani, akijitambulisha kuwa rubani wa Pinta, mojawapo ya merikebu za Columbus. Asubuhi Spray ilikuwa ingali kwenye njia yake, imekata maili 90 katika bahari chafu. Watu wawili, mmoja mgonjwa, mmoja huenda hayupo. Mchezo wa redio uliumbwa kwa ajili ya mambo kama haya, kwa sababu sikio haliwezi kuhakikisha nani yupo.

Lakini lipo tukio la tatu, maarufu kuliko yote, ambalo nasema lisiigizwe. Katika maji ya Tierra del Fuego, kwenye ncha ya Amerika Kusini, Slocum alimwaga misumari midogo ya zulia juu ya sitaha kabla ya kulala. Saa 6 usiku wenyeji wakapanda chomboni bila viatu, wakapiga mayowe, wengine wakajitupa baharini. Anayeliona tukio hili kwa mara ya kwanza anatamani kukimbilia studio. Ngoja kwanza. Slocum anawaandika watu wale kwa macho ya wazungu wa enzi yake, kama washenzi na basi. Ukisoma, maneno hayo yanabaki yake, na mtangazaji anaweza kusema mapema yalivyo. Ukiigiza, wewe ndiye unayewaandikia sauti, na kama sauti pekee unayowapa ni mayowe ya maumivu ili watu wacheke, umeongeza yako juu ya yake. Sisi tulioandikwa hivyohivyo katika vitabu vingi vya wasafiri hatuna udhuru wa kutoliona hilo.

Jambo hilohilo lipo karibu zaidi na nyumbani. Daftari la jahazi lina nahodha, serahangi, mabaharia na pengine abiria, na wote wana watoto na wajukuu wenye redio. Msimulizi akisema "mimi nilimwona nahodha akisita", ametoa ushahidi wake na anauwajibikia. Mchezo ukimtia nahodha huyo maneno ya woga mdomoni, maneno aliyoyatunga mwandishi wa mchezo, ukoo mzima utayasikia kama maneno yake. Kama kuna aliyezama, nenda kwa familia kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Badilisha majina ikibidi, na badilisha kweli, si herufi mbili.

Mchezo unafaa, tena unafaa kuliko njia zote, pale ambapo chomboni palikuwa na mvutano wa kweli. Chakula kimekwisha na nahodha hataki kugeuza. Nusu ya mabaharia wanataka kuingia bandarini usiku, nusu wanaogopa miamba. Abiria ana siri. Hapo msimulizi mmoja atatoa upande mmoja, na kusoma kutapooza kile kilichokuwa moto. Jiandae kwa gharama: waigizaji wanne au watano, mazoezi, mswada utakaoandikwa upya, na mtu mmoja aliyewahi kusafiri kwa tanga wa kusikiliza mazoezi. Huyo usimwache. Mwigizaji akipiga kelele "geuza tanga!" mahali ambapo hakuna baharia angegeuza, kila msikilizaji wa pwani atazima.

Haki ya kutumia

Hili halina mjadala mrefu lakini huamua mengi. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Slocum alipotea baharini zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kitabu chake ni huru. Linganisha na Alan Villiers, Mwaustralia aliyepanda jahazi la Kuwait huko Aden mwaka 1938 na kushuka nalo hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, walikokwenda kupakia boriti. Safari hiyo ni yetu kuliko ya Slocum, na ningependa sana kuisikia kwa Kiswahili, lakini Villiers alifariki mwaka 1982 na kazi yake bado ina wenyewe. Kuisoma redioni kunahitaji ruhusa, kuitafsiri kunahitaji ruhusa, kuiigiza kadhalika. Tafsiri mpya iliyofanywa juzi ya kitabu cha zamani nayo ina mwenyewe. Na daftari la mzee wa mtaani lina hakimiliki vilevile, hata kama hajui. Mwandikie karatasi, mweleze kipindi kitarushwa wapi na mara ngapi, na kama kitawekwa mtandaoni.

Ukiwa bado unasita

Njia hizi zinaweza kukaa pamoja. Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni msimulizi mmoja mwenye vipande viwili au vitatu vya daftari lake vikisomwa katikati, pale alipoandika vizuri kuliko anavyosema, na kitu kimoja tu cha kuigizwa, kama lile swali la Slocum kwa usukani usio na mtu. Ukiwa na fedha kidogo, anza hivyo.

Kabla ya kuamua, chagua ukurasa mmoja wa hadithi, ule wenye hatari. Usome ukijirekodi kwenye simu. Kisha funga, usimulie, urekodi tena. Kisha waombe jamaa wawili wauigize. Peleka rekodi zote tatu kwa watu watatu wenye kazi mikononi, kila mmoja na yake: mama lishe, fundi cherehani, kijana anayeosha gari. Usiwaulize kama wameipenda, maana watasema ndiyo. Waombe wakusimulie walichosikia. Atakayekuambia nani alikuwa kwenye shikio na kamba ilibana wapi, rekodi yake ndiyo njia yako.